Siku Kamati Ilipokuja Kunituza

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asije akanitafutia ushujaa humu ndani, akaukosa, akanilaumu. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, nami nimeishi kwa kuiamini methali hiyo tangu utotoni Tanga, nikikimbia ugomvi, nikikimbia mbwa, nikikimbia wavulana walioniambia natembea kama mtoto wa kike. Kitu kimoja tu nilishindwa kukikimbia, nacho ni kucheza. Na kucheza ndiko kulikonitia hofu kubwa kuliko zote nilizowahi kuzipata.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nakaa na dada yangu mkubwa Brooklyn Park, juu kidogo ya Minneapolis, katika fleti ya vyumba viwili iliyotazama uwanja wa kuegesha magari. Dada ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Ndiye aliyetangulia Marekani, akafanya kazi mbili mbili, akanivuta, akanisomesha. Upande ule wa dunia sikuwa na ndugu mwingine, na kila juma nilikuwa nafanya jambo ambalo niliamini kwamba akilijua, atanitoa nyumbani kwake na moyoni mwake siku hiyo hiyo.

Kazi yake ilikuwa kuhudumia wagonjwa katika hospitali moja upande wa Maplewood: kuwageuza, kuwaosha, kuwatoa kitandani na kuwakalisha kwenye kiti. Alipokuwa anajifunza kazi hiyo alinifanyia mazoezi mimi. Alinifunga mkanda mpana kiunoni, akanikalisha kwenye kochi, akaniambia nijifanye mzee aliyepooza. Kisha akatanua miguu, akakunja magoti, akapitisha mkono mmoja chini ya kwapa langu na mwingine akaushika mkanda kwa nyuma.

"Legea," akasema. "Nimekushika."

Sikuweza kulegea. Kila aliponiinua, miguu yangu ilijikaza yenyewe na kusimama. Alijaribu mara tano, akaniachia akicheka. "Mgonjwa gani wewe unajibeba mwenyewe? Ungekuwa wodini kwangu ungenivunja mgongo."

Nami nilicheka. Lakini baada ya muda alihamishwa wodi, na vicheko vikapungua. Wodi ile mpya ilikuwa na vijana wengi wa kiume, wembamba, wenye macho makubwa, na sote tulijua wanaumwa nini ingawa nyumbani kwetu jina la ugonjwa halikutajwa. Dada alikuwa akirudi, anavua viatu mlangoni, anakaa kochini na koti lake. "Leo tena ametutoka mmoja," anasema. "Umri wako. Mama yake hakuja." Mimi nakaza macho kwenye televisheni, maana niliamini kwamba maneno yale nilikuwa nalengwa nayo mimi, kama mtu anayemwonya mtoto kwa kumsimulia habari za jirani.

Kucheza kwenyewe kulianza kwa fagio. Nilipokuwa chuo nilipewa kazi ya kusafisha ukumbi wenye vioo ambamo wanafunzi walijifunza dansi. Nilikuwa nafika kabla hawajamaliza, nasimama nyuma na fagio langu la maji, na mwili unafuata wenyewe bila kuniomba ruhusa. Mwalimu wao aliniona kwenye kioo. Alikuwa mama wa Kizungu aliyepita miaka sitini, mkavu, mwenye kuvuta sigara mlango wa nyuma hata Januari wakati mate yanaganda mdomoni. "Weka hilo fagio," akasema, "uje hapa mbele."

Nilimaliza chuo, nikapata kazi ya kuuza viatu katika lile jumba kubwa la maduka kule Bloomington, lakini kwa yule mwalimu sikutoka. Alikuwa na kikundi cha watu saba. Tulifanya mazoezi katika kanisa la zamani kusini mwa Minneapolis, lililouzwa baada ya waumini wake kuzeeka na kwisha. Mabenchi yalikuwa bado yamo, madirisha ya vioo vya rangi yamo, na mabomba ya joto yaligonga ukutani mchana kutwa.

Tulichokuwa tunacheza si ngoma kama mimi na wewe tunavyoijua. Hakukuwa na mpigaji, mara nyingine hakukuwa hata na muziki. Watu walitembea, wakaanguka, wakainuka, wakashikana, wakaachana. Nilipoona kwa mara ya kwanza wanaume wawili wamekumbatiana mbele ya watu na hakuna aliyecheka, nilikwenda chooni nikajifungia. Sikulia. Nilikaa tu mpaka niliposikia wanaitana kurudia mwanzo.

Majira yale ya baridi mwalimu alikuwa anatunga dansi ya kumkumbuka mchezaji wake mmoja aliyefariki kwa ugonjwa ule ule wa wodini kwa Dada. Ilikuwa ya wanaume wawili. Mmoja anambeba mwenzake kutoka mlango wa kanisa hadi pale palipokuwa na madhabahu, dakika kumi na mbili, bila sauti yoyote. Mwanzoni anayebebwa anatembea nusu, kisha robo, kisha hatembei kabisa. Mwisho, kabla ya kumlaza chini, mbebaji anaweka shavu kwenye shingo ya mwenzake, kisha midomo, anakaa hapo kwa hesabu ya kumi.

Mimi ndiye niliyekuwa nabebwa. Aliyenibeba alikuwa kijana mrefu aliyekulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa kaskazini ya jimbo, mpole, mwenye viganja vikubwa, ambaye tangu mtoto alikuwa amezoea kubeba ndama. Nilimpenda. Nimeliandika, na limekaa. Wakati ule nisingethubutu kuliandika hata kwa penseli.

Na dansi ilinishinda. Ilinishinda pale pale nilipomshinda Dada kochini. Kijana aliponiinua, mgongo wangu ulikaza, shingo ikakaza, na mikono yake ikaanza kutetemeka kabla hatujafika katikati.

"Hunipi uzito wako," alikuwa ananiambia.

"Nakupa."

"Hunipi."

Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi. Mwalimu alikaa benchi la nyuma, akasema yale yale kila jioni: kwamba ninajibeba, kwamba watu watamwona mtu anayeogopa kuguswa, na hiyo si dansi aliyoitunga.

Basi nikawa narudi nyumbani Jumanne na Alhamisi na michubuko mabegani na magotini. Mtu anayeosha miili kwa mshahara huwezi kumficha mchubuko. Siku moja nilikuwa napasha chakula moto, Dada akanishika mkono, akapandisha mkono wa shati.

"Unapigana na nani?"

"Ni mazoezi ya ngoma, Dada."

"Ngoma gani?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Badala yake nikasema, "Ngoma za kwetu. Wazungu wanataka kujifunza."

Uso wake ulifunguka, nikatamani ardhi inimeze. Miaka yote alikuwa na wasiwasi kwamba nimepotea, kwamba sina marafiki, kwamba nauza viatu na kulala. Kumbe mdogo wake anafundisha Wazungu ngoma! Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa kutoka jikoni hadi kwenye simu ya ukutani. Kabla chakula hakijapoa alikuwa amenichimba siku na mahali pa onyesho, na ameshawapigia watu watatu.

Lazima nieleze habari ya kamati. Watanzania wawili wakikutana popote duniani hawachelewi kuunda kamati. Kuna kamati ya harusi, ya msiba, ya kipaimara, ya maulidi, ya kumpokea mgeni na ya kumsindikiza. Majira yale ilikuwa inakaa kamati ya harusi, kila Jumapili, nyumbani kwa mwenyekiti wetu, mhandisi mmoja mnene mwenye sauti ya kupenya kuta. Ajenda zilikwisha, ikafika ile ya mwisho, "mengineyo", na Dada akainua mkono.

"Nina dogo tu kwenye mengineyo," akasema. "Huyu mdogo wangu anacheza ngoma zetu, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi anaonyesha mbele ya Wazungu. Kanisani."

Nilikuwa nimekaa karibu na jokofu, na sahani ya sambusa mapajani. Niliyokuwa nimeiuma nikairudisha sahanini.

"Kanisani!" akasema mwenyekiti. "Kijana wetu anaitangaza nchi, sisi tumelala? Haiwezekani. Tunakwenda wote, na kamera nakuja nayo mimi."

"Tuvae zile sare za harusi ya mwezi wa sita," akasema mama mmoja wa Moshi, ambaye vigelegele vyake vilikuwa vinajulikana mpaka Saint Paul. "Vitenge vimekaa tu kwenye kabati."

"Hata mimi nacome, msiniache nyuma," akasema jirani mmoja Mkenya aliyeolewa kwetu. "Nitaswitch shift."

Nikajikaza, nikasema, "Jamani, ni ya kisasa kidogo. Mnaweza msiipende."

"Kwani sisi ni wa zamani?" mwenyekiti akauliza, na nyumba nzima ikacheka. Dada alinitazama kwa fahari. Kikao kikapiga kura kwa makofi.

Majuma yale mawili sikula vizuri. Nilifikiria kujifanya mgonjwa. Nilifikiria kuteleza kwenye barafu kwa makusudi nivunjike mguu, nikatoka hadi kwenye ngazi za nje na kusimama pale kwa muda, kisha nikaogopa maumivu nikarudi ndani. Ndiyo maana nasema mimi ni mwoga wa kweli. Nilikwenda kwa mwalimu, nikamkuta mlango wa nyuma na sigara yake, nikamwomba aitoe ile sehemu ya shingo.

Alivuta, akatoa moshi. "Nikiitoa shingo," akasema, "kinachobaki ni watu wawili wanahamisha samani."

Kijana wa shambani naye alisikia kwamba nimeomba. Akaniuliza kama ninamwonea aibu. Nikamwambia si aibu, ni hofu. Akafikiri, akasema kwamba kwake yeye, anayeombewa aondolewe, vyote viwili vinaonekana namna moja. Maneno hayo nilikwenda nayo kwenye basi saa nzima kuelekea nyumbani.

Ijumaa nilisimama mlango wa bafuni, Dada anapiga mswaki kabla ya kwenda kazini.

"Dada."

"Eeh."

"Wanasema kesho kutakuwa na barafu barabarani. Msije mkapata ajali bure."

Akatema, akasukutua. "Barafu tunaendesha kila siku kwenda kuwaosha watu wasiotujua. Tushindwe kwenda kumwona wa kwetu?"

Onyesho lilikuwa saa tisa alasiri. Nilichungulia kwenye upenyo wa pazia. Walikuwa watu ishirini na kitu. Makoti mazito yamefunguliwa vifua na vitenge vya sare vinaonekana, rangi ya chungwa, kati ya Wazungu waliovaa nyeusi. Kwa kuwa ni kanisa, walikuwa wameingia kwa adabu na kushika mabenchi matatu ya mbele. Mama wa Moshi alikuwa na beseni la sambusa limefunikwa kwa karatasi ya fedha. Mwenyekiti alikuwa amesimamisha kamera kwenye miguu mitatu, na nilipoiona kamera nikajua habari imekwisha: kanda zetu zote zilikuwa zinakwenda nyumbani. Baba zangu wadogo wangekaa sebuleni Tanga, watoto wamekaa chini, majirani wamejaa dirishani, wanitazame.

Dada alikaa mwanzo wa benchi la kwanza. Alikuwa amesuka nywele upya.

Tukaanza. Kijana akanishika mlangoni, nikaegemea, tukapiga hatua. Hakuna sauti ila mabomba ya joto. Nikamsikia mama mmoja ananong'ona, "Mbona hawaanzi?" na mwingine anamjibu, "Nadhani wameshaanza."

Kila tulivyosogea nilikuwa nazidi kukaza. Nilisikia pumzi za kijana zinakatika sikioni mwangu. Tulipopita benchi la kwanza alikuwa ameniinua mzima mzima, mikono yake inatetemeka, na mimi mbao tupu. Niliyaona macho ya Dada kwa karibu kuliko nilivyotaka. Tabasamu alilokuja nalo lilikuwa limetoka. Alikuwa anatazama kwa namna ambayo sikuijua.

Tukafika mahali pa madhabahu. Shavu lake likaja shingoni, kisha midomo.

Moja. Mbili.

Kimya kile sitakisahau. Hakikuwa kimya cha watu wasioelewa. Nilisikia "Astaghfirullah" ya chini chini, na kutoka upande mwingine, "Yesu wangu." Benchi likalia, mtu amesimama. Kisha hatua. Buti za baridi juu ya mbao, si za haraka, hatua za mtu aliyezoea kutembea kwenye korido ndefu. Nilizijua hatua zile. Nilizisikiliza kila alfajiri zikitoka na kila jioni zikirudi. Anakuja kunitoa, nikawaza. Atanivuta mkono mbele ya wote, kama alivyonivuta utotoni aliponikuta nacheza na kanga ya mama. Nikafumba macho.

Zikafika. Zikasimama. Nikasikia zipu ya mkoba.

Kwetu, wa kwako akicheza, hukai kitini. Unainuka, unakwenda ukicheza pole pole mpaka alipo, unamwekea noti kwenye paji la uso au kifuani, watu wote wakuone. Huko ndiko kutuza. Si bei ya kitu chochote. Maana yake ni kwamba huyu mnayemwona, ana wenyewe. Dada hakuwa na mpigaji wala wimbo, lakini nilipofumbua jicho moja nilimwona anayumba taratibu kulia na kushoto, na koti lake la baridi, uso mkavu kabisa. Akanibandika dola moja kwenye paji la uso lililolowa jasho. Mkono wake ulinukia sabuni ya hospitali.

Akainama sikioni mwangu. "Legea, wewe," akasema. "Amekushika."

Kisha akamtazama kijana, akamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ile aliyokuwa anatumia kwa wafanyakazi wapya, "Magoti. Kunja magoti." Na kijana wa watu, mwenye miaka kumi ya kubeba ndama na mitano ya kucheza jukwaani, akakunja magoti.

Nikalegea. Sijui niliamua au mwili ulichoka kungoja amri yangu. Shingo iliachia, mgongo ukaachia, nikahisi nashuka ndani ya mikono yake, na mikono yake ikaacha kutetemeka.

Ndipo mama wa Moshi akapiga kigelegele. Kilipanda mpaka kwenye dari ya lile kanisa, nikahisi madirisha yanaitika. Akainuka, na nyuma yake wakainuka wengine, si wote, labda nusu yao, wakaja kwa mstari na buti zao, wanayumba, wananibandika noti kifuani, wanambandika na kijana mabegani, maana ukimtuza mchezaji huwezi kumruka aliyembeba. Kijana alikuwa anahesabu hadi kumi kama alivyofundishwa. Aliniambia baadaye kwamba alifika thelathini, akaacha kuhesabu. Wazungu walidhani yote ni sehemu ya dansi. Walimuuliza mwalimu amewapata wapi wale kina mama na amewafundisha kwa muda gani, na alipowaambia hawajui, hawakumwamini.

Mwenyekiti hakuinuka. Niliposimama kupokea makofi nilimwona ameziba kioo cha kamera kwa kiganja. Aliondoka na nusu nyingine kabla beseni la sambusa halijafunuliwa.

Dada ndiye aliyeendesha gari kurudi. Alikwangua barafu kwenye kioo peke yake, akakataa nimsaidie. Tulipita daraja, tukaingia barabara kuu, taa za magari zimeanza kuwashwa. Hofu yangu haikuwa imekwisha. Ilikuwa imebadilisha mahali pa kukaa tu. Mbele za watu alikuwa ameniokoa, kwa sababu mbele za watu ndugu haachwi. Nyumbani ni kwingine.

"Dada, nisamehe," nikasema.

"Nikusamehe lipi? Uongo, au lile jingine?"

"Yote."

"Uongo nitakusamehe kesho. Leo bado nina hasira."

Akaingia kwenye maegesho yetu, akasimamisha gari, hakuzima injini. Alikaa na mikono yake miwili kwenye usukani.

"Lile jingine nalijua tangu Tanga," akasema. "Unadhani nilikulea nimefumba macho?"

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa. Nilijiambia nisipolitaja, halitakuja." Alikuwa anatazama mbele, kwenye theluji iliyorundikwa kando ya ukuta. "Unajua ninachokifanya kila asubuhi? Kabla sijafungua pazia la kitanda chochote, nasimama. Namwomba Mungu nisikukute wewe. Mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu, vitanda vyote. Nawageuza watoto wa watu, nawaosha, mama zao hawaji, na mimi kila mgongo nauona wako. Nilikuwa nakusimulia pale kochini nikitumaini utaniambia kitu. Ukawa unatazama mpira."

Sikuwahi hata kuujua mpira uliokuwa unachezwa. Miaka mitatu nilidhani nasomewa hukumu, kumbe mwenzangu alikuwa ananiomba. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini nilikuwa nalia kwa namna mbaya, kwa kamasi.

"Umepima?" akauliza.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Naogopa."

"Mficha maradhi..." akaanza, methali akaiacha nusu ndani ya gari. Akazima injini, akasema, "Jumatatu sina shift. Tunakwenda."

Miaka ile ulitolewa damu, ukaambiwa rudi baada ya wiki mbili. Majibu nitayasema sasa hivi ili msomaji asikae roho juu: sikuwa nao. Ila mimi sikuyajua majibu wiki zile mbili, na Dada hakuyajua, na tuliishi kwenye fleti ile kama watu waliobishiwa hodi na wasijue mgeni ni nani. Mwenyekiti alipiga simu kusema kwamba kamati imeona nipumzike na shughuli za harusi. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia basi na wao watafute mpishi mwingine wa pilau. Kuna nyumba ambazo tangu siku ile hatukualikwa tena, na wapo waliovuka barabara wasinisalimie. Sitasema haikuniuma. Kila simu ilipolia nilidhani ni Tanga.

Siku ya majibu aliomba ruhusa kazini akaja na sare yake ya hospitali. Kilikuwa chumba kidogo cha kungojea, viti vya plastiki, vijana wanane hivi, kila mmoja peke yake, kila mmoja anatazama viatu vyake. Hatukuandikwa majina, tulipewa namba tu. Kila mlango ulipofunguliwa wote tulishtuka pamoja. Dada alikuwa mwanamke pekee mle ndani, na Mwafrika pekee pamoja nami, na alikaa wima, mkoba mapajani, akiwatazama wale vijana mmoja mmoja kwa macho ya mtu anayewafahamu.

Mlango ukafunguliwa, wakaita namba yangu.

Nikainuka. Yaani niliagiza kuinuka, na magoti yakakataa. Nilijaribu tena, nikabaki nimeshikilia ukingo wa kiti.

Dada akauweka mkoba chini. Akasimama mbele yangu, akatanua miguu, akakunja magoti, akapitisha mkono mmoja chini ya kwapa langu na mwingine nyuma ya kiuno, pale ulipokuwa unafungwa ule mkanda.

"Watu wanatutazama, Dada."

"Watazame," akasema. "Legea. Nimekushika."

Mkono wake ulikuwa unatetemeka kuliko magoti yangu. Nikampa uzito wote, tukaenda hivyo mpaka mlangoni.